Mipaka ya saiti: kwa nini kompyuta za matawi zinavuta vifurushi kutoka makao makuu

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nimerithi mfumo wa Configuration Manager, programu ya Microsoft ya kusimamia kompyuta za shirika, kutoka kwa mwenzangu aliyehama. Tuna saiti moja ya msingi (kitovu kinachosimamia kompyuta zote) makao makuu na matawi 40, kila tawi likiwa na seva yake ndogo ya usambazaji, yaani ya kutolea vifurushi vya programu na masasisho. Mtandao wote ni 10.20.0.0/16, yaani anwani zote zinazoanza na 10.20. Makao makuu yanatumia 10.20.0 hadi 10.20.15, na kila tawi limekatiwa /24 yake, yaani kipande cha anwani 256, kuanzia 10.20.16. Nimekuta mpaka (rekodi inayouambia mfumo kompyuta iko wapi kwenye mtandao) mmoja wa aina ya sabneti ulioandikwa 10.20.0.0, mipaka kadhaa ya saiti za Active Directory (daftari la Microsoft la kompyuta na watumiaji wa shirika, ambalo saiti zake si zile za Configuration Manager), na makundi ya mipaka ambayo sielewi yalipangwa kwa msingi gani. Masasisho ya kila mwezi yakitoka, laini za matawi zinajaa kwa sababu kompyuta zinavuta kutoka makao makuu ilhali seva ipo palepale ofisini. Nyingine zinakwama asilimia sifuri. Nyingine zimewekewa wakala (programu ya Configuration Manager inayokaa ndani ya kompyuta) lakini hazina saiti kabisa. Nianzie wapi, na nitumie aina gani ya mpaka?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na ule mpaka wa 10.20.0.0, kwa sababu sehemu kubwa ya matatizo yako inaelekea inatokea hapo, na ukishaelewa kosa lake utaelewa nusu ya jambo zima.

Aliyeuweka bila shaka aliandika 10.20.0.0 na maski (namba inayoonyesha ukubwa wa sabneti) 255.255.0.0 akiamini ameufunika mtandao mzima. Konsoli ilikubali, ikahifadhi. Lakini kwenye mpaka wa aina ya sabneti, Configuration Manager haihifadhi maski. Inaitumia tu kupiga hesabu ya kitambulisho cha sabneti, kisha inakiweka kitambulisho hicho peke yake. Kilichobaki kwenye hifadhidata ni maandishi "10.20.0.0" na hakuna kingine. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ni /16.

Sasa chukua kompyuta iliyo tawini, yenye anwani 10.20.37.15 na maski 255.255.255.0. Inapotaka kujua ichukue wapi kifurushi, inatuma ombi kwa seva ya usimamizi, ile inayozipa kompyuta maelekezo, na ndani ya ombi hilo inaorodhesha anwani zake zote pamoja na sabneti ya kila anwani kama yenyewe inavyoikokotoa kwa maski yake. Yetu hii itasema: anwani 10.20.37.15, sabneti 10.20.37.0. Seva inakwenda kwenye hifadhidata kutafuta mpaka ulioandikwa 10.20.37.0. Haupo. Upo 10.20.0.0, ambao si sawa na 10.20.37.0, basi. Hakuna anayeuliza kama moja imo ndani ya nyingine. Mpaka wako wa mtandao mzima kwa kweli unazifunika kompyuta za 10.20.0.x peke yake, yaani kipande cha kwanza cha makao makuu. Hata kompyuta zenu za 10.20.5.x, zikiwa na maski ya /24, hazimo.

Ndiyo maana nakujibu swali lako la pili kabla ya la kwanza: tumia safu ya anwani za IP. Andika 10.20.37.1 hadi 10.20.37.254 na umemaliza. Hapo seva inaangalia anwani yenyewe ya kompyuta na kuuliza kama iko kati ya mwanzo na mwisho wa safu. Maski ya kompyuta haihusiki hata kidogo. Mtu wa mtandao akibadilisha /24 kuwa /23, au akiigawa vipande viwili vya /25, safu yako inaendelea kusema kweli mradi anwani zenyewe zimebaki tawini. Kuna watakaokwambia kwamba safu zinaipa hifadhidata kazi kubwa zaidi kuliko sabneti. Ni kweli kwamba kulinganisha namba kati ya mwanzo na mwisho ni kazi zaidi ya kulinganisha kitambulisho kimoja. Kwa mtandao wenye mamia ya mipaka tofauti hiyo hutaiona. Utakachoona ni kompyuta zilizopotea kwa sababu ya sabneti iliyoandikwa vibaya.

Mipaka ya saiti za Active Directory nayo ina hoja yake. Ikiwa watu wanaosimamia Active Directory ni makini, kila sabneti mpya wanaifunga kwenye saiti yake siku ileile, basi wewe unafaidi kazi yao bila kuirudia. Tatizo ni kwamba unategemea umakini wa mtu mwingine kwa jambo ambalo likiharibika, simu zitapigwa kwako. Sabneti ambayo haijasajiliwa haina saiti, na kompyuta yake haiangukii kwenye mpaka wowote. Unaweza kupima hali yenu kwa dakika chache: fungua faili la netlogon.log lililo ndani ya C:\Windows\debug kwenye seva ya domeni, utafute neno NO_CLIENT_SITE. Kila mstari wenye neno hilo ni kompyuta iliyokuja kutoka kwenye anwani ambayo Active Directory haiijui. Mistari ikiwa mingi, jibu umelipata. Kwa kompyuta moja moja, amri nltest /dsgetsite itakuambia inajiona iko saiti gani. Na kumbuka kwamba kompyuta isiyojiunga na domeni haina saiti ya Active Directory, kwa hiyo mpaka wa aina hii hautaigusa kamwe.

Ukiamua kutumia Active Directory, itumie kama chanzo cha taarifa. Kipengele cha Configuration Manager kiitwacho ugunduzi wa msitu wa Active Directory (Active Directory Forest Discovery) kinaweza kuwekwa kikatengeneza mipaka ya safu za IP kutokana na sabneti zilizosajiliwa huko. Hiyo ni njia nzuri ya kuanza. Usiwashe vyote viwili, mipaka ya saiti na ya safu, ukaviingiza kwenye makundi tofauti, maana kompyuta moja itajikuta inalingana na mpaka zaidi ya mmoja na hutajua upi umeamua. Pia ugunduzi huo unatengeneza mipaka tu. Hauiingizi kwenye kundi lolote. Mpaka usio ndani ya kundi haufanyi kazi yoyote, ni kama haupo. Nimeona watu wakihangaika na orodha ndefu ya mipaka iliyo sahihi kabisa ambayo hakuna hata mmoja uliowekwa kwenye kundi.

Hapo ndipo tunafika kwenye makundi, na naomba tukae hapa kidogo.

Kundi la mipaka linafanya kazi mbili ambazo hazifanani. Ya kwanza ni kuipangia kompyuta saiti: wakala anapowekwa kwa mara ya kwanza na kuambiwa ajitafutie saiti mwenyewe, anauliza yuko ndani ya kundi gani lililowekewa alama ya kupanga saiti. Kazi hii inafanyika mwanzoni, na kompyuta ikishapata saiti haibadilishiwi hata ikihamia tawi jingine. Kazi ya pili ni kuielekeza kompyuta iende kwa seva ipi kuchukua vifurushi na masasisho. Hii inafanyika tena na tena, kulingana na mahali kompyuta ilipo wakati huo. Laptopu ya mkaguzi anayezunguka matawi ina saiti ileile kila siku, lakini seva yake ya usambazaji inabadilika kila anapokaa kwenye ofisi nyingine. Ndivyo inavyotakiwa.

Kwa mashirika yenye saiti za msingi zaidi ya moja, kanuni ya kwanza ni kwamba mipaka ya kupanga saiti isigongane. Kompyuta ikiangukia kwenye makundi mawili yanayoelekeza saiti mbili, huwezi kubashiri itakwenda ipi. Wewe una saiti moja, kwa hiyo hofu hiyo haikuhusu, na usikubali mtu akushawishi kuongeza ya pili kwa sababu ya matawi. Saiti moja ya msingi inabeba kompyuta za mezani hadi 150,000 na seva za usambazaji hadi 250. Matawi 40 hayajaikaribia hata robo. Tawi linahitaji seva ya usambazaji, na mara nyingine hata hiyo halihitaji. Saiti ni jambo jingine.

Kuna ushauri wa zamani ambao utakutana nao sana: tengeneza kundi moja kubwa la kupanga saiti lenye mipaka yote, lisilo na seva yoyote, halafu makundi madogo ya kuelekeza vifurushi. Ulikuwa ushauri mzuri. Siku hizi nauwekea angalizo, kwa sababu ya kugawana vifurushi baina ya kompyuta zenyewe. Kundi la mipaka ndilo linaloamua kompyuta zipi zinahesabiwa ni za pamoja na zinaweza kupeana mafaili. Ukiwa na kundi moja linalobeba nchi nzima, kompyuta ya tawi moja inaweza kuhesabiwa mwenzake wa kompyuta iliyo upande wa pili wa laini ndogo. Utasema, basi nitazima ugawanaji kwenye kundi lile kubwa. Lakini kompyuta iliyo ndani ya makundi mawili, ugawanaji ukizimwa kwenye kundi mojawapo, Delivery Optimization (huduma ya Windows ya kugawana mafaili) inazimika kwa kompyuta hiyo kote. Kwa saiti moja kama yenu, njia safi ni kuweka alama ya kupanga saiti kwenye kila kundi la tawi, au kumpa wakala msimbo wa saiti moja kwa moja wakati wa kumweka kwa kutumia SMSSITECODE. Makundi yanabaki machache na kila kompyuta inakuwa ndani ya kundi moja tu.

Nasisitiza kundi moja tu kwa sababu ya dhana ambayo watu wa mitandao huja nayo. Kwenye rauta, njia nyembamba hushinda njia pana: ukiwa na 10.20.0.0/16 na 10.20.37.0/24, pakiti ya 10.20.37.15 inafuata ile ya /24. Watu wanadhani mipaka nayo iko hivyo, wanaweka safu pana ya 10.20.0.1 hadi 10.20.255.254 kama kinga, kisha safu nyembamba za matawi juu yake. Configuration Manager haina kanuni hiyo. Kompyuta inayolingana na makundi mawili inapewa seva za makundi yote mawili, zikiwa zimewekwa pamoja. Ni kweli kwamba kati ya seva hizo, iliyo kwenye sabneti moja na kompyuta inatangulizwa, ikifuatiwa na iliyo kwenye saiti moja ya Active Directory. Kwa hiyo mara nyingine mpangilio huo mbovu unaonekana kama unafanya kazi. Subiri mpaka seva ya tawi iwekwe kwenye sabneti yake tofauti, au kifurushi kimoja kisifike tawini usiku ule: kompyuta zote za tawi zinarukia makao makuu papo hapo, bila kusubiri, kwa kuwa makao makuu nayo imo kwenye orodha yao ya kawaida. Ukiangalia makundi yako na kukuta safu pana ya namna hiyo, ndiyo ya kwanza kuondoa.

Basi kundi lichorwe kwa kufuata nini? Fuata laini. Wengi wanafuata muundo wa shirika: idara hii kundi lake, kanda ile kundi lake. Kompyuta haijali idara. Swali pekee la kujiuliza ni hili: kompyuta hizi zote, zikitaka faili la gigabaiti moja, ni seva zipi ambazo zikilitoa hakuna atakayelalamika? Zote zenye jibu moja ni kundi moja. Matawi mawili yaliyo kwenye jengo moja na yanatumia swichi moja ni kundi moja hata kama yana mameneja tofauti. Tawi moja lenye majengo mawili yaliyounganishwa na laini hafifu ya redio ni makundi mawili. Kwa hiyo kabla hujagusa konsoli, omba kwa watu wa mtandao mchoro wa laini na kasi zake, pamoja na orodha ya anwani ilivyo leo. Sitakuficha, hii ndiyo sehemu inayochosha kuliko zote, na ukiifanya vizuri iliyobaki ni kuandika tu.

Sasa tuje kwenye kompyuta zinazovuta kutoka makao makuu. Kompyuta isiyolingana na mpaka wowote haiachwi hivihivi. Inatumia kundi chaguo-msingi la saiti, ambalo mfumo unalitengeneza wenyewe. Lifungue uone seva zilizomo. Natarajia utakuta zile za makao makuu. Kompyuta zako za matawi hazina kundi, zinaangukia pale, na pale pana makao makuu pekee. Laini zinajaa hivyo.

Zile zinazokwama asilimia sifuri ni ndugu zao wa karibu. Kwenye kila usambazaji (yaani agizo la kupeleka programu au sasisho kwenye kompyuta) kuna mahali pa kuruhusu au kukataza kompyuta kutumia seva za kundi jirani au za kundi chaguo-msingi. Kama usambazaji fulani umekatazwa, kompyuta isiyo na kundi inauliza, inajibiwa hakuna mahali, na inakaa hivyo. Wakati mwingine utaona msimbo 0x87D00607, yaani vifurushi havikupatikana. Mtu wa kwanza kushuku huwa ni seva ya usambazaji, na anaanza kuvirudisha vifurushi upya. Vifurushi havina kosa. Angalia kwanza kompyuta iko kundi gani. Kwenye konsoli, orodha ya vifaa ina safu wima ya makundi ya mipaka ambayo unaweza kuionyesha. Kifaa kilicho tupu hapo ndicho unachokitafuta.

Na zile zisizo na saiti: zimewekwa kwa kujitafutia, zikakosa kundi lenye alama ya kupanga saiti. Wakala amewekwa, huduma yake inaenda, lakini hana bosi. Unaweza kuweka saiti ya kimbilio kwenye mipangilio ya mfumo mzima, na zote zitapata pa kwenda. Kwa shirika lenye saiti moja sioni ubaya wa kufanya hivyo. Usiridhike hapo tu, kwa sababu kompyuta iliyopata saiti kwa njia hiyo bado haina kundi, na siku ya masasisho itarudi kukujazia laini.

Kuhusu kukimbilia kundi jirani. Kabla ya toleo la 1610 (namba za matoleo ni mwaka na mwezi) kulikuwa na utaratibu wa kuitia kila seva alama ya haraka au polepole, na nyaraka nyingi za zamani bado zinauzungumzia. Achana nazo. Tangu 1610 unaunganisha kundi na majirani zake na kwa kila uhusiano unaweka dakika za kusubiri. Seva za usambazaji ndizo zilizotangulia kuingizwa, zikafuata seva za masasisho katika 1702 na za usimamizi katika 1802. Kila kundi tayari lina uhusiano usioonekana na kundi chaguo-msingi, wa dakika 120. Maana yake kompyuta ya tawi inazihangaikia seva za kundi lake kwa saa mbili, na ikikosa ndipo inaruhusiwa kwenda kule. Ukiweka sifuri, jirani anaingia mara moja. Unaweza pia kukataza kabisa.

Kwa matawi yako ningefanya hivi. Kwa tawi lenye laini nzuri, liache na zile dakika 120, zinatosha kukupa nafasi ya kutengeneza seva kabla kompyuta hazijaondoka. Tawi lenye laini ndogo sana, kataza kabisa kwenda kundi chaguo-msingi kwa upande wa seva za usambazaji, na ulitafutie jirani mmoja aliye karibu kwa laini, au usilitafutie. Kompyuta zikose sasisho kwa siku moja kuliko ofisi nzima ikose mtandao saa za kazi. Huo ni uamuzi wa kibiashara kuliko wa kiufundi, kwa hiyo mwulize mkuu wako, aukubali kwa maandishi. Kwa tawi ambalo halina seva kabisa, kundi lake lipewe seva ya jirani moja kwa moja kama seva yake ya kawaida. Usilitegemeze kwenye kukimbilia, maana utakuwa unazilazimisha kompyuta kusubiri saa mbili kila mara bila sababu.

Na kundi chaguo-msingi lenyewe? Ningeliacha bila seva za usambazaji, baada ya matawi yote kuwa na makundi yao. Likiwa na seva, linaficha makosa: sabneti mpya inafunguliwa, hakuna aliyekuambia, kompyuta zinavuta makao makuu kimyakimya na unagundua laini ikishajaa. Likiwa tupu, kompyuta za sabneti hiyo zinakosa vifurushi, zinaonekana kwenye ripoti, unaziwekea mpaka siku ileile. Najua wapo wataalamu wenzangu wasiokubaliana nami hapa, wanaona ni ukali. Kwa mtandao ambao laini ni bora zisijae, mimi nabaki na msimamo huu.

Seva za masasisho zina tabia yake. Kompyuta ikishaizoea seva moja ya masasisho inayofanya kazi, haiiachi kwa sababu tu umeipanga kwenye kundi jingine. Inaihama ikishindwa kuifikia. Usishangae kuona baada ya mabadiliko yako kompyuta bado inachunguza masasisho kwa seva ileile ya zamani huku mafaili yenyewe ikiyachukua tawini. Ni kawaida, na kinachojaza laini zaidi ni mafaili.

Watu wa nyumbani wanaoingia kwa VPN wanahitaji kundi lao. Hapa sabneti inashindwa vibaya kuliko popote, kwa sababu mifumo mingi ya VPN inaipa laptopu maski ya 255.255.255.255. Kompyuta inapiga hesabu na kupata kwamba sabneti yake ni anwani yake yenyewe, na hakuna mpaka wa sabneti utakaolingana nayo. Tumia safu ya anwani ambazo VPN inagawa, au aina maalumu ya mpaka wa VPN iliyokuja na toleo la 2006, inayoweza kuitambua VPN yenyewe au kwa jina la muunganisho. Kundi hilo usilipe seva ya tawi lolote. Kama kwenu trafiki ya kawaida ya intaneti haipiti ndani ya VPN, washa chaguo la kutanguliza vyanzo vya wingu na uruhusu masasisho yachukuliwe moja kwa moja kutoka Microsoft. Lango la usimamizi la wingu (cloud management gateway, linalozihudumia kompyuta kupitia intaneti) nalo linaweza kufungwa kwenye kundi la mipaka tangu toleo la 1902.

Kuna mtego mmoja wa nyumbani ambao nyinyi mmeuepuka kwa kutumia 10.20. Kwa kuwa kompyuta inatuma anwani zake zote, laptopu iliyo kwenye VPN inataja ya VPN na ya rauta ya nyumbani. Rauta nyingi za nyumbani zinagawa 192.168.0 au 192.168.1. Shirika ambalo tawi lake mojawapo linatumia 192.168.1 litaona laptopu za watu walio majumbani zikijitambulisha kama za tawi hilo. Mkiwahi kufungua tawi jipya, msikubali lipewe anwani hizo.

Utaratibu wa kazi sasa. Usifute chochote siku ya kwanza. Toa kwanza nakala ya ilivyo kwa amri za PowerShell Get-CMBoundary na Get-CMBoundaryGroup, uhifadhi matokeo kwenye faili, ili ukikosea uwe na pa kurudi. Chagua tawi moja lenye mtu unayemwamini pale ofisini. Tengeneza safu yake, tengeneza kundi lake, liwekee seva ya tawi na alama ya kupanga saiti. Itoe mipaka yoyote nyingine inayozigusa kompyuta za tawi hilo kwenye makundi mengine, pamoja na ile ya saiti ya Active Directory. Kisha nenda kwenye kompyuta moja ya pale ukasome LocationServices.log ndani ya C:\Windows\CCM\Logs wakati kompyuta inavuta kifurushi kidogo cha majaribio. Tafuta mstari unaoanza na Calling back with the following distribution points. Chini yake zimeorodheshwa seva ambazo kompyuta imepewa, moja kwa kila mstari. Ukiona seva ya tawi peke yake, umepata. Ukiona na ya makao makuu, kompyuta bado iko ndani ya kundi la pili mahali fulani, na safu wima ile ya makundi kwenye konsoli itakuambia ni lipi. ContentTransferManager.log na DataTransferService.log zitakuonyesha mafaili yanavutwa kweli kutoka anwani ipi.

Liache tawi hilo lipite mzunguko mmoja wa masasisho, mwangalie laini pamoja na watu wa mtandao, ndipo uendelee na mengine kwa mafungu. Makao makuu yawe ya mwisho, kwa sababu ndiko kwenye laini nzuri na ndiko kosa lisikoumiza. Ule mpaka wa 10.20.0.0 ufute siku utakapoweka safu ya 10.20.0.1 hadi 10.20.15.254, si kabla, maana kompyuta za kipande kile cha kwanza zinautegemea.

Na tangu sasa, fomu ya kuomba sabneti mpya kwa watu wa mtandao iwe na kisanduku kinachokujia wewe kabla sabneti haijawashwa. Ukifika tawi la majaribio na seva ya makao makuu bado inaonekana kwenye LocationServices.log, niandikie tena. Niwekee mistari ile ya orodha ya seva, anwani na maski ya kompyuta, na majina ya makundi inayoonekana kuwamo. Kwa vitu hivyo vitatu tutalipata kosa.